Haki ya Kutukanwa Kaburini

Mwaka 1955 mzee mmoja wa Iringa alizishtaki dini mbili kwa siku moja, yake na ya mwenzake, kwa sababu zote mbili zilikataa atukanwe siku ya maziko yake. Nilikuwepo. Nilikuwa mkalimani wa mahakama ya boma, na kila neno lililosemwa mle ndani lilipita kinywani mwangu kabla ya kumfikia hakimu, kwa hiyo asiyeniamini mimi hana mwingine wa kumwamini.

Mzee huyo aliitwa Matano. Alikuwa Mzaramo, muuza nguo karibu na soko, yeye na mkewe Mwanakhamisi, na hawakujaliwa mtoto. Mtani wake aliitwa Sedekia, Mnyamwezi, Mkristo. Sedekia alikuja nyanda hizi zamani kufukua dhahabu kule Makongolosi. Dhahabu ikamkataa, akapanda mlimani juu ya Mbeya akalima viazi, na viazi vikamkubali kupita kiasi. Kimoja kiliwahi kumponyoka shambani kikaporomoka mpaka barabarani, lori la Chunya likasimama kukipisha. Dereva alipiga honi mara moja tu, kisha akaona aibu.

Wazee hawa wawili walijuana kwenye vita ya kwanza ya Wazungu, wote wapagazi, wakibeba sanduku moja la risasi, huyu mbele, huyu nyuma. Kila mmoja alishikilia maisha yake yote kwamba mwenzake alikuwa amelishika tu, hakulibeba.

Kila baada ya mavuno Sedekia alidandia lori la Iringa, akaingia dukani kwa Matano bila hodi, akaangua kanzu iliyo nzuri kuliko zote na kuivaa juu ya koti lake.

"Mtumwa wangu," alisema akijitazama, "hii umenishonea fupi."

"Hiyo ni ya mtu," alijibu Matano. "Ya wapagazi inashonwa kwa gunia. Subiri nikuletee."

"Mnyamwezi, vua!" Mwanakhamisi alipiga kelele kutoka uani. "Hiyo ya mteja!"

"Shemeji, mteja wa nani, na mwenye duka mwenyewe ni mali yangu?"

Kanzu ilikwenda Mbeya. Mwezi uliofuata Matano naye alikwenda Mbeya, akalala kitanda cha Sedekia, akamfukuzia mwenye nyumba kwenye ghala la viazi, na kurudi na jogoo. Hakuna aliyenung'unika. Kununa mbele ya mtani ni ukosefu wa malezi.

Sasa, mwaka huo miguu ya Matano ilianza kuvimba, na pumzi ikawa inamwishia katikati ya bei. Daktari alimkataza kubeba majora ya kitambaa na kumkataza kugombana. Alitii lile la kwanza. Akaanza kupanga maziko yake, na katika maziko hayo jambo lilikuwa moja tu: Sedekia ashuke kaburini kabla ya maiti, alale mle, atukane mpaka achoke, akatae kutoka mpaka akombolewe kwa kuku. Hivyo ndivyo Wazaramo na Wanyamwezi walivyozikana tangu siku za misafara.

"Mimi sina ndugu mji huu," alimwambia mkewe. "Nikizikwa kimya kimya, nani atajua aliyekufa ni mimi? Watadhani wamefukia jora."

Lakini msikitini alikuwa amekuja mwalimu mpya, Alawi, kijana kutoka Pwani, msomi kweli, mwenye sauti ambayo ilifanya hata mbuzi wa nje wasimame wasikilize. Ijumaa moja Mwalimu Alawi alitangaza kwamba mchezo makaburini ni bidaa, uzushi katika dini, na kwamba hakuna atakayelala katika kaburi la Mwislamu isipokuwa mwenyewe. Matano akampelekea Sedekia habari kwa mdomo wa dereva wa lori. Dereva akarudi na habari za Mbeya: Mchungaji Asukile, Mnyakyusa mnene mwenye huruma, alikuwa ameshapata fununu, naye amesema Mkristo atakayelala katika kaburi la mtu kwa malipo ya kuku atakuwa amefanya tambiko, na atatengwa na meza ya Bwana.

Matano alikaa na habari hizo akizizungusha.

"Dini zetu zimebishana miaka elfu na ushei," alisema mwishowe. "Zimekuja kupatana kwenye kaburi langu."

Mwaka mmoja nyuma yake walipita wageni wa Umoja wa Mataifa, wale waliotumwa kuangalia kama Mwingereza anatutunza vizuri. Kwenye baraza yao ulisomwa Mkataba wa Udhamini, na watu wengi walisinzia, ila Matano alibaki macho kwa sababu ya miguu. Katika mkataba wote alishika sentensi moja, kwamba katika Tanganyika kila mtu atakuwa na uhuru kamili wa dhamiri, na uhuru wa dini na wa kuabudu, mradi asivunje utulivu na adabu. Sentensi hiyo ndiyo aliyokuja nayo boma.

Siku ya kesi Sedekia na Mchungaji Asukile walisafiri kutoka Mbeya kwa lori moja. Lilizimika Nyololo. Baridi ya pale ilikuwa imeingia ndani ya injini ikajifunika, ikabidi abiria washuke waikumbatie injini kwa zamu mpaka ikapata fahamu. Mchungaji aliikumbatia muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na cha kukumbatia nacho. Sehemu iliyobaki ya safari mchungaji na muumini waliokuwa wanakwenda kupingana mahakamani walijifunika blanketi moja, maana sheria ilikuwa haijaanza.

Bwana Shauri wetu, ndiye hakimu, alikuwa Mwingereza aliyesomea sheria kwao, na tangu aje Iringa alikuwa amehukumu mbuzi walioingia mahindini na mahindi yaliyoingia kwenye pombe. Aliposikia neno Mkataba alifunga dirisha, akaketi wima.

"Mdai anadai haki juu ya maziko," alisema. "Maiti yuko wapi?"

"Huyu hapa," alisema Matano akijigonga kifua. "Nimemleta mwenyewe, nisiwasumbue wabebaji."

Bwana Shauri aliandika. Akauliza kama utani huo ni dini.

"Ni dini," alisema Matano.

"Mungu wake nani?"

"Huyu huyu. Hatukuona haja ya kumtafuta mwingine."

"Ina kitabu?"

"Haina. Kingeandikwa, bwana, serikali ingekipiga marufuku."

Alisimama Mwalimu Alawi, na lazima niseme alisema vizuri. Alisema mwili wa Mwislamu una heshima yake, ukioshwa, ukikafiniwa, ukiswaliwa, haungoji tena kuchekwa. Alisema kama uhuru wa kuabudu upo, basi na waumini wanao, wa kuzika maiti zao bila mtu kuingiza viatu na mzaha. Bwana Shauri alitikisa kichwa kukubali. Kisha alisimama Mchungaji Asukile.

"Ndaga, Bwana Shauri," alisema, akishukuru kabla ya kupewa chochote. "Mimi sina neno na huyu mzee. Nina neno na kondoo wangu. Kanisa lina meza. Nani akae mezani, nani asikae, hilo ni la kanisa. Serikali itatuandalia meza?"

Bwana Shauri alikubali tena. Nilimwona Matano akianza kuvuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi.

Ndipo alipoitwa Sedekia. Alishika Biblia, akaapa kusema kweli, kweli tupu, na Mungu amsaidie. Mungu hakupewa muda wa kutosha.

"Unamfahamu mdai?" aliuliza Bwana Shauri.

"Namfahamu sana. Ni mtumwa wangu."

Nilitafsiri. Kalamu ya Bwana Shauri ikasimama.

"Mwambie utumwa umefutwa nchini humu."

Nilimwambia.

"Umefutwa kwa wengine," alisema Sedekia. "Huyu babu yangu alimpata kwa jembe bovu. Na tulidhulumiwa, jembe lile lilikuwa bado linalima kidogo."

Watu waliangua kicheko. Matano mwenyewe alicheka mpaka akashika benchi. Mchungaji Asukile alifunika uso kwa kofia.

"Shahidi ameapa," alisema Bwana Shauri polepole. "Kusema uongo chini ya kiapo ni kifungo. Mwulize tena: mtu huyu ni mtumwa wake?"

"Wa halali," alisema Sedekia.

Askari wa mlangoni alisogea. Hapo niliomba ruhusa nikamweleza Bwana Shauri kwamba huo ndio utani wenyewe, kwamba kila anayesikia haamini, na kwamba anayeamini ndiye mjinga. Bwana Shauri alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vema," alisema. "Sasa asitanie. Aseme kwa kiapo chake: mtu huyu ni nani wake?"

Nilitafsiri. Sedekia alimtazama Matano, akaitazama Biblia, akaitazama dari. Mzee yule, aliyewahi kumtukana Matano kutwa nzima bila kurudia tusi, alikosa neno.

"Bwana," alisema mwishowe, "hilo haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Yupo. Anasikia. Jambo hilo husemwa mwenyewe akiwa hasikii tena. Nikilisema hapa usoni pake, utani umekwisha, na mimi nimemzika akiwa mzima."

"Asipolisema," alisema Bwana Shauri, "nitamfunga."

"Sema mtumwa!" Matano alifoka kutoka kwenye benchi. "Sedekia, usije ukanifedhehesha mbele ya serikali! Sema mtumwa, ukafungwe!"

"Nyamaza, mali haisemi," alijibu Sedekia, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Kwa mara ya kwanza niliona Mwingereza hajui afanye nini na sheria aliyokuja nayo. Alipekua kitabu kimoja, akapekua kingine. Kisha akaamuru mdai atolewe nje, apelekwe mbali na barazani, chini kwenye mabanda ya farasi, ambako farasi hawakuwepo tangu Mjerumani. Mwanakhamisi akamshika mkono mumewe wakatoka, Matano akigeuka geuka. Dirisha likajaribiwa kama limefungwa kweli.

Sedekia alisema akitazama meza. Alisema mwaka ule wa vita, kwenye mabonde ya Ulanga, alishikwa na tumbo la damu, na mnyapara akaamuru aachwe njiani kama walivyoachwa wengine. Matano akalichukua sanduku la watu wawili akajitwika peke yake, na usiku akarudi kumfuata, akambeba mgongoni mpaka kambini. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Alimkusanyia maji kwa kuloweka kilemba chake kwenye umande. "Ndugu zangu wa tumbo moja walikuwepo katika msafara ule," alisema Sedekia. "Walipita. Huyu sijui nimwite nani. Kwa hiyo namwita mtumwa."

Nilitafsiri bila kuongeza chochote, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla ya siku ile wala baada yake. Mwalimu Alawi alikuwa anaangalia mikono yake. Mchungaji Asukile alikuwa ameishusha kofia.

Matano alirudishwa ndani akihema.

"Amesema nini?" aliniuliza.

"Amesema wewe ni mtumwa wake."

"Nilijua tu," alisema, akakaa. "Huyu mtu mkweli sana."

Hukumu ilisomwa kesho yake, na watu walikuwa wamepanda mpaka kwenye miti ya boma. Bwana Shauri alisema Mkataba unalinda dhamiri, dini na ibada, na mahakama yake itaulinda. Lakini utani, alisema, mahakama haiwezi kuuita dini. Dini huingiza watu na kuwatoa. Utani haumwingizi mtu wala haumtoi, mtu anazaliwa nao kama pua. Dini humtaka mtu aamini. Utani una mambo mengi yasemwayo, na hakuna hata moja ambalo msemaji au msemwa analiamini. Kwa hiyo dai la uhuru wa dini limeshindwa. Tena msikiti una haki ya kuendesha swala zake, na kanisa lina haki juu ya meza yake.

Matano alikuwa amesimama. Aliketi.

"Tumeshindwa?" aliuliza Mwanakhamisi.

"Tumeshindwa," alisema Matano. "Nenda ukanizike tu, mke wangu. Kimya kimya."

Bwana Shauri aligeuza ukurasa. Alisema wadaiwa nao wamejenga makatazo yao juu ya jambo moja: Mwalimu anasema utani ni uzushi ndani ya ibada, na Mchungaji anasema ni ibada ngeni. Sasa mahakama imeona si ibada kabisa. Kisicho ibada hakiwezi kuwa uzushi katika ibada, wala hakiwezi kuwa ibada ya mungu mwingine. Mahakama haioni tena makatazo hayo yamesimama juu ya nini. Makaburi ni ya mji, si ya msikiti. Na kuhusu utulivu, alisema, mtu aliyelala kaburini ni miongoni mwa watu watulivu kuliko wote wilayani.

Tulikaa tukiitafuta maana. Ilianzia kwa wazee wa mbele ikaenda nyuma, mpaka waliokuwa kwenye miti wakaanza kushangilia.

"Mahakama haiwezi kunifundisha bidaa ni nini," alisema Mwalimu Alawi, na hakusema kwa hasira.

"Ni kweli kabisa," alisema Bwana Shauri. "Nimesema kwa upande wa sheria tu. Dhamiri yako nayo iko huru."

Mwalimu akafikiri. "Basi nitamswalia siku yake. Mkianza upuuzi wenu, mimi nitageuka nitazame kibla."

Mchungaji Asukile alirudi Mbeya akakutana na wazee wa kanisa. Walitafuta katika kanuni zao kosa la kulala, hawakuliona. Swali likabaki la kuku. Wakaamua kuku asiletwe karibu na kanisa, na aliwe kwa kiasi.

Sedekia hakurudi mlimani mwaka ule. Viazi aliwaachia wajukuu, yeye akalala dukani kati ya majora, akisema amekuja kuchunga mali yake isije ikaibwa na malaika. Mchana alimkanda miguu mtani wake kwa maji ya moto, akiilaani mmoja mmoja. Matano alifariki katika baridi ya Julai, alfajiri, baada ya kumwambia Sedekia kwamba Mnyamwezi hata maji hajui kuchemsha. Alizikwa siku hiyo hiyo.

Mwalimu Alawi alimswalia kwa sauti yake ile. Tulipofika makaburini akafanya kama alivyosema, akatupa mgongo, akatazama kibla. Jeneza likawekwa chini. Sedekia akavua koti, akateremka, akajilaza ndani ya mwanandani, pale pale pa mwenyewe.

"Padogo!" alisema toka chini. "Nani aliyepima? Huyu mtu alikuwa mdogo, lakini ubahili wake mtauweka wapi?"

Watu walicheka. Alimtukana Matano kwa vipimo vyake vya kitambaa, kwa kofia yake, kwa jinsi alivyokoroma, kwa baba yake aliyeogopa kuku. Mji mzima ulicheka pembeni mwa shimo lile, hata waliowahi kuomba mkopo wakanyimwa walicheka, na kila mtu akajua ni Matano aliyekufa na si mtu mwingine. Kisha kuku aliyetumwa na Mwanakhamisi akashushwa, jike jeupe. Sedekia akampokea, akamweka kifuani.

Hakutoka.

"Anataka wa pili," mtu alisema, tukacheka tena. Akaletwa wa pili. Sedekia hakunyoosha mkono. Tukaanza kuchekea puani, kisha tukaacha. Nilichungulia. Alikuwa amegeukia ukutani, na yule kuku kifuani pake alikuwa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, kama aliye ndani ya lori. Tuliita, Mzee Sedekia, mzee wetu, inatosha. Wachimbaji walitazamana. Kumshika mtani kaburini kwa nguvu hakuna aliyewahi kukuona, wala hapakuwa na anayetaka kuwa wa kwanza.

Mwalimu Alawi aligeuka. Alikuja taratibu mpaka ukingoni, akachuchumaa, akakohoa.

"We Mnyamwezi," alisema.

Kuku aliendelea kupanda na kushuka.

"Toka humo. Hilo shimo lilichimbwa la mtu. La mizigo liko stesheni."

Kuku alitulia kidogo. "Nani anasema?" iliuliza sauti.

"Bwana wako. Mzaramo wa Kisarawe."

"Kisarawe kuna watu?" alisema Sedekia, na sauti ilikuwa imelowa. "Mimi nilipita kule na msafara, niliona nyani tu, wamevaa misuli."

"Ndio sisi," alisema Mwalimu Alawi. "Tulikuona. Ulikuwa umebebwa."

Kisha mkono mmoja ukatokea juu na kuku, Mwalimu akampokea, akambana kwapani. Ukatokea wa pili, mtupu. Mwalimu akaushika kwa mkono uliobaki, akamvuta mzee wa watu mpaka juu, akampangusa udongo mgongoni.

Tulimteremsha Matano, tukamfukia. Mwalimu Alawi akasoma dua yote mpaka mwisho, kuku akiwa bado kwapani, na hapakuwa na aliyecheka.